Kitabu Kinasema R, Wewe Umepata S: Tutafute Kosa Lilipoingilia

Wiki iliyopita binti wa jirani yangu hapa Ngamiani, aliye mwaka wa kwanza chuo na amerudi Tanga kwa likizo, alinikuta barazani. "Shikamoo, mwalimu." Marahaba. Hata hajakaa sawasawa, keshafungua daftari. Maswali kumi ya kutaja usanidi wa molekuli, yaani makundi yake yalivyokaa angani, kwa herufi R au S, na sita amekosa. "Kanuni zote nazijua," akasema, kisha akanitajia moja baada ya nyingine bila kukwama. Kweli anazijua.

Nikamwambia kanuni tuziweke kando kwanza, anionyeshe yale sita. Swali la R na S lina majibu mawili tu, kwa hiyo hata anayebahatisha hupata nusu, na alama peke yake haikwambii ugonjwa uko wapi. Ukiangalia yapi umekosa ndipo kosa linajitaja lenyewe. Anayekosea kugeuza hukosa maswali yake, anayekosea kupanga vipaumbele hukosa mengine kabisa, na kuna anayekosa mchoro wa aina moja tu. Daftari la yule binti lilikuwa na magonjwa matatu kwa mpigo.

Tukumbushane kwa ufupi. Kanuni ni za wanakemia Cahn, Ingold na Prelog, walizozitoa mwaka 1956 na kuzikamilisha zaidi mwaka 1966. Kaboni kairali ina makundi manne tofauti. Unayapanga kwa namba atomia ya atomi inayogusa kaboni hiyo, kubwa mbele. Unaiangalia molekuli kundi la nne likiwa upande wa mbali nawe, unafuata la kwanza, la pili, la tatu. Ukizunguka kisaa ni R, kinyume cha saa ni S. Herufi zenyewe ni za Kilatini: rectus, iliyonyooka, ambayo hapa inasimamia kulia, na sinister, kushoto.

Dalili: karibu majibu yote yamegeuka

Hii ni dalili nzuri kuliko zote, ingawa inaumiza. Mtu aliyekosa tisa katika kumi anajua karibu kila kitu. Kuna hatua moja tu anaifanya kinyume.

Mshukiwa wa kwanza ni kundi la nne, mara nyingi hidrojeni. Likichorwa kwa kabari nene linakuja usoni kwako, na wewe umesoma mzunguko kana kwamba liko nyuma. Dawa: soma unavyoona, kisha geuza jibu. Umeona kisaa, andika S. Basi. Usiigeuze molekuli kichwani halafu tena ukageuza jibu, maana utakuwa umerudi ulikotoka. Nimeona wengi wakikosa kwa bidii namna hiyo, wamegeuza mara mbili na wana hakika wamegeuza mara moja.

Kama kundi la nne haliko mbele wala nyuma, liko kwenye mstari wa kawaida, libadilishane nafasi na lile lililo nyuma. Soma herufi ya mchoro huo mpya, kisha andika herufi iliyo kinyume chake, kwa sababu kubadilishana makundi mawili hugeuza usanidi. Ukibadilishana mara mbili usanidi unarudi vilevile, na hiyo ndiyo njia yangu ya kuhakiki ninapokuwa na shaka.

Mshukiwa wa pili sijawahi kumkuta kwenye kitabu chochote, nimemkuta darasani mwangu. Nilikuwa nikisema, "Kundi la kwanza liko saa tatu, la pili liko saa sita." Nusu ya darasa inaangalia kulia, nusu inaangalia kushoto! Saa tatu yetu sisi ni mshale mfupi kwenye 9. Aliyejifunza kusoma saa kwa Kiingereza anaiona kwenye 3. Tangu siku hiyo nataja namba iliyoandikwa kwenye uso wa saa, siyo saa tunayoitaja kwa mdomo. Humu pia, nikisema "kwenye 6" nina maana ya chini kabisa.

Na kama unachanganya kisaa ni kwenda wapi, mfikirie dereva wa daladala anayekata kona ya kulia. Mikono yake inavyozungusha usukani, huko ndiko R.

Dalili: unakosa yenye matawi, yale mepesi unapata

Hapa tatizo ni vipaumbele, na ndipo yule binti alipopoteza alama nyingi.

Kosa la kawaida kabisa ni kujumlisha. Mtu anaona kundi lenye kaboni nne, C(CH₃)₃, na jingine dogo, CH₂Br, anasema lile kubwa ndilo zito. Hapana. Hatupimi uzito wa kundi zima. Tunafanya kama mwalimu anayepanga majina kwenye daftari la mahudhurio: Mwajuma na Mwanaidi wanalingana M, w, a, halafu j na n zinatofautiana, na hapo kesi imekwisha. Jina lingekuwa refu kama treni haisaidii. Basi kaboni ya CH₂Br inagusa (Br, H, H), na ile ya C(CH₃)₃ inagusa (C, C, C). Linganisha ya kwanza na ya kwanza: Br inaishinda C. CH₂Br iko mbele, na zile H mbili hakuna anayeziuliza.

Kosa la pili ni bondi mbili. Kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa bondi mbili inahesabiwa kama inagusa oksijeni mbili. Ndiyo maana CHO, yaani (O, O, H), inaipita CH₂OH, yaani (O, H, H). Asiyeiandika ile nakala ya pili huona sare pasipo na sare. Uzito wa atomi, kwa upande mwingine, usiuguse mpaka ukutane na isotopu: deteri, yaani hidrojeni nzito, iko mbele ya hidrojeni ya kawaida, na huko tu ndiko uzito unakoamua.

Sasa tuingie kwenye chungwa, maana swali lililomtesa binti lilikuwa limonini, na msimu ukifika Muheza inatuletea limonini kwa malori. Ukimenya chungwa, ule mvuke unaorukia macho kutoka kwenye ganda ni limonini kwa sehemu kubwa sana, na ya chungwa ni ya R.

Chora pembesita. Juu kabisa weka kaboni yenye methili (CH₃). Bondi mbili ishuke kutoka hapo upande wa kushoto. Chini kabisa, kwenye 6, ndiko iliko kaboni kairali, na kutoka kwake linaning'inia tawi la kaboni tatu lenye bondi mbili yake. Tawi limechorwa kwa kabari, linakuja kwako. Hidrojeni haikuchorwa, lakini ipo, nyuma.

Tawi ni la kwanza bila ubishi: kaboni yake ya mwanzo inagusa (C, C, C) ukihesabu nakala ya bondi mbili. Hidrojeni ni ya nne. Kinachobaki ni mikono miwili ya pete, na yote miwili inaanza na CH₂, yaani (C, H, H) kwa (C, H, H). Sare. Binti alipofika hapa alichagua mkono wa kulia. Nikamuuliza kwa nini. "Kwa sababu uko kulia."

Tulicheka, lakini wengi hufanya hivyohivyo bila kukiri. Sare maana yake songa hatua moja mbele, kwa mikono yote miwili kwa pamoja. Kushoto unafika kwenye kaboni ya bondi mbili: mbele yake kuna kaboni, nakala ya kaboni, na hidrojeni, yaani (C, C, H). Kulia unafika kwenye CH₂ nyingine: (C, H, H). Kushoto ameshinda kwenye atomi ya pili. Kwa hiyo, ukiiweka kaboni kairali katikati ya saa, tawi liko kwenye 6, kushoto kwenye 10, kulia kwenye 2. Kutoka 6 kupanda 10 na kushukia 2 ni kisaa, hidrojeni iko nyuma, jibu R.

Nikaugeuza mchoro kama unavyogeuza karatasi kuona upande wa pili: bondi mbili sasa iko kulia, tawi limekuwa la vistari, linakwenda nyuma. Akasema haraka, "S." Haya, fuata: 6, kisha 2, kisha 10, kweli kinyume cha saa. Lakini hidrojeni sasa iko mbele. Geuza. R ileile. Chungwa halikubadilika kwa sababu umelitazama kwa nyuma.

Anayeshindwa kuona haya kwa karatasi achukue ndimu na njiti nne za meno. Ndimu ndiyo kaboni. Njiti moja iache tupu, nyingine zichomeke punje ya karafuu, kipande cha ganda na kipande cha tangawizi. Shika njiti tupu kama mshikio, ikielekea mbali nawe na ndimu ikiwa upande wako, halafu soma. Dakika mbili za ndimu zimewafundisha watu wangu kuliko saa nzima ya ubao.

Dalili: umetaja R au S mahali pasipostahili, au umeruka pale panapostahili

Fupi hii. Kandambili ni kairali, yaani hailaliani na picha yake ya kwenye kioo; glasi siyo. Ushahidi: toka msikitini Ijumaa ukute umeachiwa mbili za kushoto, utaelewa kwa nini mguu unajua tofauti. Hakuna mtu aliyewahi kupewa glasi ya kushoto.

Kaboni ya bondi mbili haina makundi manne. CH₂ na CH₃ zina hidrojeni zaidi ya moja. Ziondoe zote hizo kwanza kwa penseli, zitakazobaki ndizo za kuchunguza. Eujenoli, inayoipa karafuu harufu yake, haina hata kaboni moja kairali, na bado kila mwaka kuna mtu anaipa herufi. Kinyume chake ni zile pete kama limonini: mtu anaona CH₂ huku na CH₂ huku, anasema pande ni sawa, anaruka. Pande ni sawa kama njia mbili za kuzunguka pete zinakutana na vitu vilevile kwa mpangilio uleule, siyo kama zinaanza sawa.

Dalili: ni michoro ya Fischer tu inayokushinda

Mchoro wa Fischer, ule wa msalaba bapa, una uongo mmoja unaopaswa kuukariri: mistari ya mlalo inakuja kwako, ya wima inakwenda mbali. Na kwa kuwa hidrojeni karibu siku zote huwekwa kwenye mlalo, karibu siku zote iko mbele, na karibu siku zote unapaswa kugeuza jibu. Anayekosa Fischer zote amesahau hilo, hakuna kingine.

Tuchukue asidi ya tartari, ile inayoupa ukwaju ukali wake. COOH juu, COOH chini, kaboni mbili katikati. Kaboni ya juu, namba 2, ina OH kulia na H kushoto. Ya chini, namba 3, ina OH kushoto na H kulia. Kwenye namba 2, OH ni ya kwanza, COOH (O, O, O) ya pili, kaboni jirani (O, C, H) ya tatu. Kutoka kulia, kwenda juu, kwenda chini: kinyume cha saa. H iko mlalo, geuza: R. Namba 3: kutoka kushoto, kwenda chini, kwenda juu, tena kinyume cha saa, geuza: R. Ndiyo (2R,3R), ile ya ukwaju na ya zabibu.

Sasa weka OH zote mbili kulia. Unapata 2R,3S, na ukipitisha kioo katikati nusu ya juu inaifuata nusu ya chini. Hii ni meso. Ina kaboni kairali mbili na haipindishi mwanga hata kidogo. Ukiulizwa molekuli ina enantioma ngapi, yaani maumbo ambayo ni picha za kioo zisizolaliana, ukajibu kwa kuhesabu kaboni tu, hapa ndipo utakapokosa.

Tahadhari moja: mchoro wa Fischer unaruhusiwa kuuzungusha nyuzi 180 juu ya karatasi, siyo 90. Nyuzi 90 zinafanya wima kuwa mlalo, na umekwisha kutengeneza molekuli nyingine. Kuna mwanafunzi aliyegeuza daftari ubavu ili asome vizuri, akakosa ukurasa mzima.

Dalili: herufi imebadilika na hakuna bondi iliyoguswa

Asidi za amino za mwilini zinafundishwa kuwa za familia ya L, na wengi wanakariri kuwa L ni S. Serini ni S, alanini ni S, halafu inakuja sisteini, ni L kama wenzake, na kitabu kinasema R. Watu hudhani ni kosa la uchapaji.

Siyo. Kwa serini, COOH (O, O, O) iko mbele ya CH₂OH (O, H, H). Kwa sisteini tawi ni CH₂SH, na salfa ina namba atomia 16, oksijeni 8. (S, H, H) inaipita (O, O, O) kwenye herufi ya kwanza ya daftari la mahudhurio. Nafasi ya pili na ya tatu zimebadilishana, herufi imegeuka, na makundi yamekaa palepale angani. D na L zinalinganisha umbo na gliseraldehidi. R na S zinafuata orodha ya vipaumbele. Ni mifumo miwili, kila mmoja na hesabu zake.

Dalili: umepata R lakini kipimo kinasoma minasi

Huna kosa. Alama ya kuongeza au kutoa inasema mwanga umepinda kulia au kushoto kwenye polarimita, mashine ya kupima mpindo huo, na haina mkataba wowote na herufi. Asidi ya laktiki ya S hupindisha mwanga kulia; ifanye chumvi ya sodiamu, usanidi haujaguswa, na mwanga unapinda kushoto. Limonini ya chungwa ni R na ni ya kuongeza. Viwandani huigeuza kuwa kavoni ya R, ile yenye harufu ya nanaa, nayo ni ya kutoa. Enantioma ya kavoni hiyo, ya S, ndiyo harufu ya kisibiti. Pua inazitofautisha kabla hujawasha mashine.

Kwa hiyo mtu alijuaje, mwanzoni, kuwa ya kuongeza ndiyo hii na siyo ile? Hakujua. Emil Fischer mwaka 1891 alichagua upande mmoja kwa sukari zake ili kazi iendelee. Miaka 60 baadaye, mwaka 1951, Bijvoet na wenzake walitumia eksirei kwenye fuwele za chumvi ya asidi ya tartari, wakaona atomi zilivyokaa kwa hakika. Fischer alikuwa amebahatisha sawa. Angekosea, vitabu vyote vingegeuzwa.

Lakini kuna minasi ambayo ni kosa kweli, na mimi niliifanya nikiwa mwanafunzi. Tulipewa mafuta ya maganda ya chungwa, mrija wa sentimita 10, taa ya sodiamu ya nanomita 589. Nilizungusha hadi giza likalingana, nikasoma −84, nikaandika ripoti kwamba chungwa letu ni la S. Nilijivuna sana kwa ugunduzi huo. Fundi sanifu wa maabara alisoma ripoti, akaniuliza neno moja tu: "Au 96?"

Polarimita ya kuzungusha haitofautishi pembe zilizopishana nyuzi 180. Mafuta ya chungwa tamu husoma kati ya +94 na +99 kwa mrija huo, na 96 ukitoa 180 ni −84. Giza ni lilelile. Dawa yake ni mrija wa sentimita 5. Kama ukweli ni +96 utasoma +48; kama ni −84 utasoma −42, na hizo mbili haziwezi kuchanganywa. Nilirudia, nikapata 48. Ripoti nikaiandika upya usiku huo.

Ukisoma sifuri, usikimbilie kusema si kairali. Inaweza kuwa mchanganyiko wa enantioma mbili nusu kwa nusu, inaweza kuwa meso, au umeyeyusha kidogo mno.

Dalili: kaboni kairali ni nyingi na hujui umepata enantioma au kitu kingine

Huko Amani, milimani Usambara, Wajerumani walipanda mikwinini, na gome lake lina kwinini na kwinidini pamoja. Kwinini ni 8S,9R. Kwinidini ni 8R,9S. Mwanafunzi anaona herufi zimegeuka zote mbili, anaandika "enantioma" na kusonga mbele.

Rudi kwenye mchoro uhesabu tena. Kuna kaboni 3 na kaboni 4, nazo hazikugeuka: kwenye dawa zote mbili ni 3R,4S. Enantioma inataka zote zigeuke. Hapa zimegeuka baadhi, basi ni diasterioma, na diasterioma ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwinini ilitibu malaria, kwinidini ikatumika kutuliza mapigo ya moyo yaliyovurugika.

Binti alilitazama hilo la mwisho kwa muda, akachukua penseli, akaanza kuandika herufi pembeni mwa kila kaboni, moja moja, hata zile ambazo swali halikuziuliza. Chai ilikuwa imeshapoa.